Mwalimu wa Mikate ya Tumbo

Mwalimu hakupima unga kwa kikombe wala kwa mizani. Alipima kwa sikio. Aliukanda mpaka ukaacha kunata kwenye karai, kisha akauchapa kofi moja kama mtu anayempiga mgongoni mtoto aliyepaliwa, akainamisha kichwa na kusikiliza. Kama sauti ilikuwa ya majimaji alisema bado. Kama ilikuwa sauti ya kofi kwenye paja alisema sasa. Mimi nilikaa darasani miaka miwili nikisomea joto la donge na kiasi cha maji, na sikuwahi kumkuta amekosea.

Naanza na hilo kwa sababu watu wa Asumbi wakimtaja Mwalimu huanza na ujane wake, au ukali wake, au ile siku alipomsindikiza shemeji yake mpaka nje akiwa na mwiko mkononi. Hayo nitayafikia. Mimi nilimjua kwanza kwa mikono.

Na msomaji ajue anayesimulia ni nani. Nina diploma ya uokaji, imetundikwa ukutani ndani ya kioo, na si ya kununua. Nimeoka katika hoteli kubwa ya Doha, ambako kwa asubuhi moja tulitoa mikate ya kutosha harusi tatu za Rongo. Niliondoka na begi moja, nikarudi na ufundi. Leo nina duka la mikate mjini Migori lenye oveni mbili, na nyumba ya vigae nyumbani kwetu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Lakini kufunga mkate wenye kitu ndani usipasuke, hilo sikulisomea Doha. Nilifundishwa na Mwalimu, aliyekuwa akitufunza somo la upishi shuleni, na ambaye boma lake lilitazamana na letu, barabara ikiwa katikati.

Mikate hiyo aliiita mikate ya tumbo. Ilikuwa ya duara, mikubwa kama ngumi mbili, na kila mmoja ulikuwa na kitu ndani. Mwingine omena, dagaa wa ziwani, mwingine maharagwe yaliyopondwa, mwingine osuga, ile mboga chungu, iliyopikwa kwa maziwa na kukamuliwa kwenye kitambaa mpaka ikatoka kama tope kavu. Omena alizikaanga bila mafuta mpaka zikalia kwenye sufuria, ndipo akazichanganya na kitunguu na pilipili. Unga wa ngano aliuongeza mtama kidogo, kwa sababu alisema ngano peke yake haina kumbukumbu. Sijui alimaanisha nini, na nilipomuuliza aliniambia nikande.

Hakuwa na oveni. Alikuwa na sufuria kubwa yenye mchanga chini, trei ndani yake, bati juu, na makaa juu ya bati. Kabla ya kufunika alichoma kila mkate kwa uma: tundu moja omena, mawili maharagwe, matatu osuga. Mkate uliopasuka aliula yeye mwenyewe, amesimama. Alichochukia kuliko vyote ni kujaza kitu chenye maji. "Utaiva nje, ndani uendelee kulia," alituambia darasani. "Nawajua watu wa hivyo." Tulicheka, na yeye hakucheka.

Alikuwa mkali wa ajabu na mchekeshaji bila kujua. Msichana aliyechelewa aliulizwa kama barabara ilikuwa imehama. Aliyekuja na kucha ndefu aliulizwa anakwenda kukanda au kulima. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu sote, maana yeye alitoka upande wa Wakuria na mumewe alikuwa Mjaluo, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya ndoa yao. Mume alipofariki, Mwalimu aliendelea kukitumia jikoni. Kwa majirani alisema Dholuo cha kuunganisha na cha kuchekesha, ila sufuria na unga na watoto wake aliwasemesha Kiswahili, kana kwamba mwenzake alikuwa chumba cha pili akisikiliza.

Kila mwaka, Jumatatu ya Pasaka, mikate hiyo ilikwenda Lambwe. Mwalimu aliiita pikiniki, kwa fahari, akivuta sauti ya mwisho. Mvua za Aprili zinakuwa zimeanza, bonde lote ni kijani, na chini ya ile miinuko kuna uwanja wa malisho kando ya uzio wa mbuga ambao hauna boma la mtu yeyote. Huko walikutana watoto wake wawili na jamaa zao. Mwanawe wa kiume alitoka Muhuru Bay na gunia dogo la omena. Binti yake, Akoth, alitoka Migori na mumewe, pamoja na mama mkwe wake, mama mmoja mpole mwenye sauti nyembamba. Walitandika leso kwenye nyasi na kula kwa mikono, bila sahani wala meza. Nilipokuwa msichana nilialikwa mara mbili, na mara zote nilimwona Mwalimu akiwa mtu mwingine: alivua viatu, alilala chali, alicheka mpaka akakohoa. Siku moja twiga alisogea karibu na uzio, akatutazama. Mwalimu alimwelekezea kipande cha mkate.

"Leo wewe uko ndani, mimi niko nje," alimwambia. "Leo zamu yako."

Nilidhani ni mzaha tu. Ilinichukua miaka mingi kuelewa, nami si mtu mzito wa kuelewa.

Mumewe alipofariki, ukoo ulikaa ukaamua ndugu wa marehemu amchukue mjane, kama desturi ilivyo. Shemeji huyo alikuja alasiri, amevaa koti, akamkuta anakanda. Watu waliokuwa barabarani walisikia. Mwalimu alimkaribisha, akampa chai na mkate wa maharagwe, akamwacha ale mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba chai imekwisha na yeye pia amemaliza kuja. Shemeji alipojaribu kuzungumzia wazee, Mwalimu alichukua mwiko na kumtangulia mlangoni.

"Nilikuwa na mume mmoja," alimwambia. "Sikuolewa na foleni."

Wazee wakasema sawa, basi abaki na kifo chake. Maana yake watu wazima wa kwetu wanaijua. Mjane, chi liel kama tunavyosema, yaani mke wa kaburi, akiwa hajachukuliwa, haingii katika boma la mtu mwingine. Akiingia anaacha kitu humo. Watoto wanaugua, mimba zinatoka. Sokoni anaweza kwenda, kanisani, shuleni, hospitalini, maana hizo si nyumba za mtu. Lakini lango la boma halivuki, hata liwe la ndugu, hata la binti yake wa kumzaa.

Hapo ndipo Mwalimu alipokuwa na sura mbili ambazo sikuweza kuziunganisha. Mwanamke yule yule aliyewapinga wazee mchana kweupe aliishika amri yao kuliko wao wenyewe. Aliimba kanisani sauti ya kwanza, padri alikuja kwake akamwombea, akanyunyiza maji ya baraka pembe zote nne za nyumba, akamwambia yuko huru kama ndege. Mwalimu alimshukuru, akampa mikate sita ya kwenda nayo. Na hakuingia kwa mtu.

Kumtembelea yeye kuliruhusiwa, na watoto wake walikuja. Lakini ni kuja kumwona mtu asiyeweza kurudisha ziara. Walikaa saa chache wakitazama saa, kama watu waliokwenda kumwona mfungwa. Ndiyo maana ikawako pikiniki. Lambwe hapakuwa na lango. Hata chakula alikibuni kwa ajili ya mahali pasipo paa: mkate unaobeba mboga yake tumboni, unaoliwa popote ambapo hakuna mwenye nyumba.

Mimi hilo sikulijua, na nilimkosea. Mama yangu alipofariki nilikuja kutoka Doha kumzika. Boma letu lilijaa watu mpaka kwenye migomba. Mwalimu, jirani wa miaka yote, aliyekula na mama na kuazimana naye karai, alisimama barabarani nje ya ua tangu asubuhi mpaka tulipofukia kaburi, jua likimchoma, na beseni la mikate kichwani. Hakuingia. Beseni alilipitisha juu ya ua kwa mtu. Nilisema moyoni kwamba kiburi cha usomi kimemzidi. Nikarudi Doha bila kumuaga, na kwa miaka miwili sikumpigia simu. Wala hakuna aliyeniambia. Waliona ni jambo la kujulikana tu.

Niliporudi moja kwa moja nilijenga. Nyumba ya vyumba vitatu, vigae vyekundu, jiko lenye sinki mbili, na siku ya kuifungua nilitaka Mwalimu awe wa kwanza kuwasha oveni yangu. Alivuka barabara. Alisimama langoni. Alilisifia paa, akasifia madirisha, akauliza fundi alitoka wapi. Kisha akanipa beseni la mikate juu ya lango.

"Ungepanga, nyathina," aliniambia.

Nyathina ni mtoto wangu. Nilimwambia sikuelewa. Nilikuwa nimekasirika, maana wageni walikuwa wakitazama. Ndipo aliponieleza mwenyewe, kwa sauti ya darasani, kama anayefundisha kupunguza chumvi. Nyumba ya kupanga si boma. Hakuna anayekaa humo aliyeisimamisha au kuinunua kwa jina lake, hakuna aliyezikwa wala atakayezikwa hapo. Ni mahali pa kulala tu, kama hoteli. Nyumba ya kupanga anaingia, analala, anapika. Akoth na mumewe walipokuwa wamepanga vyumba viwili nyuma ya soko la Migori, Mwalimu alikwenda kila likizo. Alilala kwenye kochi lao, akakemea pazia lao, akachoma mikate kwenye jiko lao. Halafu kijana akafanikiwa, akanunua kiwanja pembeni mwa mji, akajenga. Watu walishangilia, Mwalimu naye alishangilia, akiwa nje barabarani. Mlango ukawa umefungwa kwa mafanikio.

Nilimuuliza kwa nini anafuata jambo ambalo haliamini. Aliegemea lango langu akafikiri.

"Mimi kuingia siogopi," alisema. "Naogopa siku nitakayotoka. Mtoto akikohoa kwako, mtu atahesabu siku tangu nipite hapa. Hata wewe na diploma yako, utahesabu."

Nilikana. Lakini ndani ya nafsi yangu najua ningehesabu.

Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyempeleka Lambwe kila Pasaka kwa gari langu. Nilimpa pia kitu kimoja: kipimajoto cha oveni, cha kutoka ng'ambo. Alikitumia kukorogea chai.

Mwaka jana Akoth hakuonekana Lambwe, kwa kuwa alikuwa ametoka hospitalini. Mimba ilikuwa imetoka, ya miezi sita. Ilikuwa ya pili, na zote mbili zilitoka katika ile nyumba mpya. Mwalimu aligawa mikate kama kawaida, akaketi na mama mkwe wa Akoth kwenye leso moja, wakala. Mkono ule ule ulioogopwa langoni, hapa ulipokelewa mkate bila wasiwasi. Mama mkwe aliusifia. Lakini Mwalimu hakulala chali siku hiyo, na twiga walipokuja hakuwasemesha.

Mwaka huu Akoth alikuwa na mimba ya tatu. Ilipofika mwezi wa tano daktari alimwambia alale, asinyanyuke ila kwenda msalani. Pasaka ikafika.

Nilimkuta Mwalimu Jumatatu asubuhi amekwisha kuoka, mikate imefungwa kwenye vitambaa, makaa yamezimwa kwa maji. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Nilipowasha gari nikielekea Homa Bay, ili tushike njia ya Lambwe, alinigusa mkono.

"Rongo," alisema. "Halafu Migori."

Niligeuza gari. Njiani aliniambia jambo moja tu, kwamba napita kasi kwenye matuta na mikate itapasuka.

Boma la Akoth lina lango la chuma la bluu. Nilisimamisha gari nje, Mwalimu akashuka na beseni lake. Mama mkwe alitoka, akatuona, akasimama hatua tano kutoka langoni. Walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana mvua, mahindi, na mwanawe wa Muhuru Bay.

"Mama Mwalimu, unajua nakupenda," alisema mama mkwe, na ile sauti yake nyembamba ilikuwa inakatika. "Lakini hii ni ya tatu."

"Sijaomba kuingia," Mwalimu alisema. "Nimeleta mkate."

Alinyoosha beseni juu ya lango. Mwenzake akalipokea kwa mikono miwili. Dirisha la chumba lilikuwa wazi, na Akoth alikuwa ametusikia. Aliita mama mara moja tu, si kwa nguvu, kama mtoto anayejaribu kuona kama kuna mtu nyumbani. Mwalimu alishika chuma cha lango. Alikikaza kwa vidole vile vile vya kukanda. Hakuitika. Kama angeitika angeingia, na kama angeingia na mimba ikatoka, Akoth angebaki katika boma lile akiwa mwanamke ambaye mama yake ndiye aliyemuua mtoto. Nilifahamu yote hayo kwa kumtazama mgongo.

Alirudi kwenye gari, akafunga mlango, akaangalia mbele.

Sasa hapa lazima niseme ukweli ambao sijawahi kuuandika mahali. Duka langu la Migori, lenye oveni mbili, watu wote wa kwetu wanajua nimelinunua. Nimewaambia mimi mwenyewe, kanisani, kwenye harambee, hata kwenye mazishi. Nyuma ya duka kuna chumba cha kuwekea unga, kikavu, chenye dirisha na choo karibu, na hospitali haiko mbali. Nilimwambia Mwalimu kwamba Akoth angeweza kulala pale. Daktari alisema alale, hakusema alale wapi.

Mwalimu aligeuka polepole.

"Lile duka ni lako ama umepanga?"

Nilitazama usukani. Nilikuwa na miaka mitatu ya majigambo kinywani, na nilijua akilijua yeye limejulikana Asumbi nzima.

"Nimepanga, Mwalimu."

"Kweli ama unanihurumia?"

Nilimtajia jina la mwenye nyumba. Nilimtajia mpaka mahali anapoishi. Nilingoja anicheke, maana angekuwa na haki. Alifungua mlango wa gari na kurudi langoni kwa miguu ya haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea.

Mama mkwe alikubali kabla hajamaliza kuelezwa. Nadhani naye alikuwa amefungwa, upande wa pili wa lango lile lile. Mume wa Akoth alimbeba mkewe na godoro lake mpaka nyuma ya pikapu, akaendesha kwa mwendo wa ng'ombe, mimi nyuma yake nimewasha taa za tahadhari. Nilihamisha magunia ya unga upande mmoja wa chumba. Mwalimu alifika kwenye kizingiti, akasimama, akachungulia dari kama fundi. Kisha akaingia. Hakuna lililotokea. Alikwenda moja kwa moja godoroni, akaketi sakafuni, akaweka kiganja tumboni mwa binti yake, akakiacha hapo. Akoth alimuuliza kama mikate imebaki. Ulikuwa umebaki mmoja garini, wa osuga. Wakaula nusu kwa nusu katikati ya magunia, na hiyo ndiyo ilikuwa pikiniki ya mwaka huu.

Yamepita majuma saba. Mwalimu analala pale, anawakemea wafanyakazi wangu, anachapa donge langu kofi mbele ya wateja. Mimba imevuka mwezi ambao zile mbili hazikuvuka. Hakuna anayelitaja hilo kwa sauti. Mtoto akizaliwa salama atapelekwa kwa baba yake, nyuma ya lango la bluu, na bibi yake atabaki barabarani. Hilo nalo hakuna anayelitaja.

Alhamisi iliyopita mwenye nyumba alikuja dukani, amefurahi, na karatasi mkononi. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemsumbua aniuzie jengo, na sasa amekubali. Alieneza karatasi kwenye kaunta na kunipa kalamu. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Mwalimu alikuwa amesikia kila neno. Aliinuka, akachukua leso iliyokuwa imemfunika Akoth miguu, akaanza kuikunja, pembe kwa pembe, kama mtu anayejiandaa kuondoka kabla ya kuambiwa.

Nilimrudishia mwenye nyumba kalamu yake. Nilimwambia nimebadili nia, nitaendelea kupanga. Alishangaa, akauliza kama kuna tatizo na jengo, na wateja wawili wa mkate walikuwa wamesimama pale wakisikia. Nikasema tena, kwa sauti ya kutosha, kwamba mimi ni mpangaji.

Mwalimu aliikunjua leso, akamfunika Akoth miguu, akamwambia ageukie upande wa kushoto.